“Ukosefu wa mtaji” si jibu la tasnifu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila dirisha la udahili linapofunguliwa hapa Dodoma, lawama huwa ni ileile: mtu kasoma uzamili wa ujasiriamali na menejimenti miaka 2, kavaa joho, na hana hata genge. Kwa maoni yetu lawama hiyo imepelekwa sipo. Kumfundisha mtu kufungua genge au kusindika karanga ni kazi ya kozi fupi za SIDO na VETA. Uzamili ni wa kumfundisha mtu kupima. Aingie kwenye biashara ya mwingine, atoke akijua pesa imekwama wapi na kwa nini. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wanakwamia mahali pamoja: kwenye tasnifu.

Chukua tasnifu yoyote rafuni. Uwezekano ni mkubwa kwamba kichwa chake kinasema “mambo yanayoathiri ukuaji wa biashara ndogo katika Jiji la Dodoma”. Ondoa Dodoma, weka Singida au Manyoni, hakuna sentensi itakayolalamika. Matokeo yanajulikana kabla dodoso halijachapwa: ukosefu wa mtaji, kodi nyingi, elimu duni ya biashara, soko la kusuasua. Mapendekezo ni kwamba serikali iangalie.

Tatizo linaanza kwenye idadi ya watu wa kuhojiwa. Karibu wote hutumia kanuni ya Yamane: idadi yote, gawanya kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalovumilika. Wafanyabiashara 1,200 na kosa la 0.05 vinatoa 1,200 gawanya kwa 4, yaani 300. Hesabu ni sahihi. Lakini kanuni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kukadiria asilimia, kwa mfano wangapi kati ya wote wana leseni, na inadai kila mfanyabiashara awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mwanafunzi akiisha kupata 300 zake, anakwenda Soko la Majengo au Sabasaba na kumhoji anayemkuta amekaa. Aliyekaa saa 4 asubuhi ni yule asiye na mteja. Mwenye foleni hajibu dodoso la kurasa 5. Sampuli inajaa waliokwama, kisha tasnifu inatangaza kwamba wafanyabiashara wamekwama.

Halafu yale maswali yenyewe. “Je, ukosefu wa mtaji unazuia biashara yako kukua?” Chagua kuanzia 1, sikubaliani kabisa, hadi 5, nakubaliana sana. Nani atachagua 1? Anayeulizwa anamwona kijana wa chuo mwenye barua yenye muhuri, na anajua kwamba watu wenye barua za muhuri wakati mwingine hufuatwa na mikopo. Anachagua 5. Wastani unatoka 4.6 na unaingia kwenye jedwali kana kwamba umepimwa kwa mzani wa Wakala wa Vipimo. Kipimo cha uthabiti cha Cronbach kikivuka 0.7 watu hupumua, ilhali kinachoonyeshwa na namba hiyo ni kwamba majibu yanaendana yenyewe kwa yenyewe. Watu 300 wanaweza kukosea kwa kuendana.

Wanaopima “mwelekeo wa kijasiriamali” wana shida yao pia. Kipimo kinachokopwa zaidi ni cha Covin na Slevin cha mwaka 1989, chenye maswali 9 kuhusu ubunifu, uthubutu na kuwatangulia washindani. Kilijaribiwa kwenye viwanda vidogo vya Marekani, kwa mameneja. Moja ya maswali yake linahusu mkazo kwenye utafiti na teknolojia mpya. Mpelekee mama lishe wa Nzuguni swali hilo, atakujibu kwa heshima tu. Tafsiri nayo huharibu: “kuwatangulia washindani” mara nyingi imeandikwa “kujituma”, na hapo swali limegeuka kuwa la bidii ya kazi, ambayo kila mtu anayo. Dawa si ngumu. Mtu wa kwanza atafsiri kwenda Kiswahili, wa pili ambaye hajaona maswali ya awali atafsiri kurudi Kiingereza, kisha matoleo mawili ya Kiingereza yalinganishwe. Swali lililorudi na sura nyingine linaandikwa upya. Baada ya hapo jaribu kwa watu 10, ukimwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini.

Lakini hata dodoso lililotafsiriwa vizuri haliwezi kutegua neno “mtaji”. Mfanyabiashara anaposema hana mtaji anaweza kuwa anazungumzia ugonjwa mmoja kati ya minne, na tiba zake hazifanani. Pesa inaweza kuwa imelala stoo. Inaweza kuwa iko kwa wadaiwa. Mwenye biashara anaweza kuwa anachota droo kwa ajili ya nyumbani bila kuandika. Au bei anayouzia iko chini ya gharama, na kila anachouza kinamla. Mkopo unaweza kumsaidia wa kwanza na wa pili, kama masharti yanaendana na mzunguko wake. Kwa wa tatu na wa nne, mkopo ni petroli kwenye moto.

Tuchukue mashine ya kukamua alizeti, ya Kizota au Kibaigwa, kwa namba tulizozichagua ili hesabu ikae wazi. Mwenye mashine ananunua mbegu za shilingi milioni 73 kwa mwaka, yaani wastani wa 200,000 kwa siku. Mbegu na mafuta hukaa stoo siku 90. Maduka anayoyauzia humlipa baada ya siku 30. Mkulima anataka taslimu pale pale, kwa hiyo siku za kudaiwa ni 0. Mzunguko wake, yaani siku kati ya kulipia mbegu na kulipwa mauzo, ni 90 jumlisha 30 toa 0, siku 120. Zidisha kwa 200,000: milioni 24 zimelala ndani ya biashara muda wote. Sasa akope milioni 24 za kurejesha kwa miezi 12, milioni 2 kila mwezi, tuache riba kabisa. Pesa aliyonunulia mbegu itarudi kamili siku ya 120, lakini siku ya 30, ya 60 na ya 90 amekwisha kudaiwa milioni 6. Robo ya mkopo inarudishwa kutoka kwenye mkopo wenyewe. Anapunguza mbegu, mashine inasimama Novemba, na dodoso linaandika “ukosefu wa mtaji”.

Ndiyo maana hata mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kukwama kwa kikundi chenye watu waaminifu kabisa. Riba sifuri haisaidii kama tarehe ya rejesho inatangulia tarehe ya mauzo. Kwa msomi wa menejimenti, tasnifu iko hapo: kupanga ratiba ya marejesho kwa kufuata mzunguko wa zao, na kuonyesha kwa siku na shilingi tofauti itakuwa kiasi gani.

Kupata namba hizo kunahitaji daftari. Tunachopendekeza kwa vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Dodoma na St John's hadi CBE na Chuo cha Mipango, ni kumruhusu mwanafunzi achague biashara 6 za aina moja na kuzifuata kwa wiki 13, mara 2 kwa wiki. Kila biashara ipewe kaunta buku yenye safu hizi: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu, mauzo ya mkopo, madeni yaliyolipwa, manunuzi ya mali, matumizi ya biashara, kilichokwenda nyumbani, salio la droo. Kila anapofika, mwanafunzi anafunga hesabu: salio la mara iliyopita, jumlisha taslimu yote iliyoingia, toa taslimu yote iliyotoka, linganisha na pesa iliyopo kwenye droo. Tofauti ndiyo habari. Wiki mbili za kwanza itakuwa kubwa na aibu itakuwepo. Mwenye biashara hatasema kwamba ada ya mtoto ilitoka hapo. Kufikia wiki ya nne, mwanafunzi akiwa hajamhukumu mtu, safu ya “nyumbani” inaanza kujaa yenyewe.

Makosa ya daftari yanajulikana, na msimamizi mzuri huyatafuta. Kurasa nzima zenye kalamu moja na mwandiko mmoja usiochoka maana yake zimejazwa asubuhi ya siku ya ukaguzi. Namba zinazoishia na sufuri nne nne ni za kukisia. Mauzo ya simu yanapaswa kulingana na taarifa ya miamala ya lipa namba. Kama mwenye duka anapokelea kwenye namba yake binafsi, hela ya harusi na hela ya unga zimechanganyika na inabidi zitenganishwe muamala kwa muamala, tena naye akiwa pembeni. Mali ya stoo inahesabiwa siku ya kwanza na siku ya mwisho, kwa bei ya kununulia. Wengi huhesabu kwa bei ya kuuzia na kujiandikia faida ambayo haijapatikana. Anayeuzia ofisi ya serikali anaweza kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye malipo ya bidhaa. Kwa anayewasilisha hesabu zake, hiyo ni kodi iliyolipwa mapema, ahifadhi hati yake na asiandike hasara. Kazi ya mke au mtoto anayekaa dukani bila mshahara iandikwe kwa saa, hata kama shilingi ni 0, maana bila hiyo saa biashara nyingi zinaonekana na afya ambayo hazina.

Na hofu ya TRA, mamlaka ya mapato, haiepukiki. Mwanafunzi asiahidi asichoweza kutimiza. Aeleze kwamba daftari ni la mwenye biashara na litabaki kwake, kwamba yeye ananakili namba tu, na kwamba jina na simu vitabadilishwa kuwa alama kama B1 au B2. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa yeye pia, si kampuni za simu peke yake. Orodha inayounganisha alama na majina isikae kwenye kompyuta moja na data.

Kwenye mashine za mafuta kuna mtego wa vipimo ambao umeharibu kazi nzuri. Gunia si kipimo, hasa likiwa lumbesa. Mbegu zipimwe kwa kilo. Lita si kilo: mafuta ya alizeti yana uzito wa takriban kilo 0.92 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 18.4. Tuseme zimeingia kilo 1,000 za mbegu, zimetoka dumu 14 na kilo 650 za mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Dumu 14 ni lita 280, sawa na kilo 257.6. Jumla 907.6, zilizopotea ni kilo 92.4, ambazo ni vumbi, mawe, unyevu na mashapo. Anayeandika lita 280 kama kilo 280 anapata upotevu wa 70 na kuficha kilo 22 za uchafu ambazo mwenye mashine alizinunua kwa bei ya mbegu. Kwake yeye hizo ndizo pesa, na tiba yake ni chekeche, wala si semina.

Gharama ya lita nayo hukosewa kwa namna moja. Mbegu kilo 1,000 kwa shilingi 1,000, umeme na vibarua 120,000, jumla 1,120,000. Gawanya kwa lita 280, unapata 4,000. Kama anauza 3,500, tasnifu inatangaza kwamba anauza kwa hasara. Lakini mashudu yameuzwa kwa wafugaji, kilo 650 kwa 500, yaani 325,000. Toa kwanza hizo, zinabaki 795,000, na lita moja imegharimu takriban 2,840. Biashara iliyosomewa dua ipo hai. Tumeziweka bei hizi kwa mfano, lakini kosa lenyewe si la mfano.

Tunajua pingamizi litakalotoka kwa watahini wa nje: biashara 6 haziwakilishi mkoa. Ni kweli, na mwanafunzi asidai asilimia yoyote ya mkoa kutokana nazo. Anachodai ni jinsi jambo linavyotokea. Achague 6 hizo kwa makusudi: mbili ambazo husimama kila mwaka mbegu zinapoadimika, mbili zinazokamua mwaka mzima, mbili zinazokamulia wateja mbegu zao kwa malipo na hazinunui kabisa. Kama maelezo yake ya mzunguko ni sahihi, jozi hizo lazima zitofautiane kwa siku, na zisipotofautiana amekosea na aseme hivyo. Huo ni mtihani mkali kuliko wastani wa 4.6. Dodoso linaweza kufuata baadaye kwa anayetaka kujua tatizo limeenea kiasi gani, na safari hiyo atakuwa anajua cha kuuliza: “Mteja wako wa mwisho wa mkopo alichukua lini, na alilipa lini?”

Kuhusu muda, tuwe wakweli. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, na uzamili unaanzia krediti 180, kwa hiyo saa 1,800. Kwa miezi 18 hiyo ni saa 23 kila wiki. Kwa miaka 2, saa 17 na ushei. Mtumishi anayetoka ofisini Mtumba saa 9:30 alasiri na kuingia darasani jioni anapaswa kujua hivyo kabla ya kulipa ada ya kwanza, na mwenzi wake nyumbani pia ajue. Kama tasnifu imepewa krediti 60, ni saa 600. Ziara 156 za daftari, saa moja na nusu kila moja pamoja na njia, ni saa 234. Zinabaki 366 za kusafisha data, kusoma na kuandika. Inatosha. Madodoso 300 ya dakika 20 ni saa 100 tu, na hapo ndipo mvuto wake ulipo.

Anayetafuta chuo aulize vitu vichache na aulize kwa sauti. Je, programu inatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, au na NACTVET kwa vyuo visivyo vikuu kama CBE na Mipango? Krediti ngapi ni za tasnifu? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi kwa sasa, na wangapi walimaliza kwa wakati? Jibu la swali la mwisho likichukua muda mrefu, umeshajibiwa.

Kinachobaki ni kalenda, na ndiyo inayoua tasnifu nyingi za Kanda ya Kati kuliko takwimu. Masomo huanza Oktoba au Novemba, mihula miwili inakwisha karibu na Julai. Mwanafunzi anaandika andiko la utafiti Agosti na Septemba, analitetea Oktoba, anatafuta kibali Novemba: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Wilaya au Mkurugenzi, kisha mtendaji wa kata na wa mtaa. Atenge wiki 3 hadi 6. Anafika kwenye mashine Desemba au Januari, wakati wakulima wako shambani wanapanda na mashine zimesimama. Kwa zabibu za Hombolo na Mpunguzi kuna mavuno mawili kwa mwaka, ya Februari na Machi na ya Agosti na Septemba. Akikosa moja anaweza kusubiri lingine. Kwa alizeti, inayovunwa zaidi Mei hadi Julai, akikosa amekosa mwaka.

Ombi letu kwa wakuu wa idara ni moja. Andiko lianze kuandikwa muhula wa kwanza kama sehemu ya somo la mbinu za utafiti, litetewe Machi, na barua za kibali ziondoke chuoni kabla ya Pasaka au mapema Aprili, ili daftari la kwanza lifunguliwe Mei wakati gunia la kwanza linapopandishwa mzani. Masomo ya darasani yataendelea jioni kama kawaida. Ziara 12 kwa wiki zinaingia kwenye Jumamosi na siku mbili za asubuhi. Walioajiriwa waombe ruhusa ya wiki hizo 13 mapema, tangu Januari, wakitaja tarehe.

Wasimamizi wa tafiti za uzamili,
Dodoma